M-Changa kwa Mahitaji ya Darasa: Tathmini ya Mwalimu wa Kisumu

Shule ya msingi ya umma nchini Kenya hutengewa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mwalimu yeyote aliyefundisha darasa kubwa katika mitaa ya Manyatta au Nyalenda hapa Kisumu anajua kwamba fungu hilo huisha kabla ya kufikia rafu ya vitabu vya hadithi. Fedha za NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, nazo huelekezwa zaidi kwenye madarasa, vyoo na madawati. Kwa sababu hiyo tulichagua M-Changa, huduma ya Kenya ya kuchangisha fedha kwa simu na mtandao iliyoanzishwa mwaka 2012, ili kupata maktaba ndogo ya Gredi ya 4.

Sifa yake kubwa ni uwazi. Katika harambee ya kawaida, michango hupitia mikononi mwa watu wengi na hesabu hubaki katika daftari la mtu mmoja, ilhali hapa kila mchango hurekodiwa unapoingia na jumla yake huonekana. Mzazi hutuma kidogo alicho nacho kwa M-PESA, na mwanafunzi wa zamani aliye ng'ambo hulipa kwa kadi, bila mwalimu kugeuka mtunza fedha wa kila mtu. Ada hukatwa, kwa hiyo inafaa iingizwe katika makadirio tangu mwanzo.

Hata hivyo, huduma hii haikutafutii wafadhili. Wanaotoa kwanza ni watu wanaokufahamu, nao hutaka kujua fedha zao zitanunua nini hasa. Tuliorodhesha vitabu kimoja kimoja pamoja na bei za duka la vitabu la hapa mjini, na nina hakika kwamba orodha hiyo ilituvutia michango kuliko maneno yoyote ya kusihi. Marekani kuna DonorsChoose, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Charles Best, aliyekuwa mwalimu huko Bronx: mradi ukishafadhiliwa, shirika lenyewe hununua vifaa na kuvipeleka shuleni. Ni utaratibu mzuri sana, lakini ni kwa shule za nchi hiyo tu. Kwetu hufika fedha, si vifaa, hivyo jukumu la kuthibitisha matumizi linatuangukia sisi. Idhini ya mwalimu mkuu na halmashauri ya shule itangulie, na risiti zionyeshwe kwa wachangiaji wote, hata aliyetoa shilingi hamsini.

Jambo la picha nalichukulia kwa uzito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na hata pasipo sheria, mtoto hastahili kuanikwa mbele ya umma kama kielelezo cha umaskini. Picha ya rafu tupu inatosha.

Kwa shule yenye wanafunzi wa zamani wanaoikumbuka, naipendekeza M-Changa bila kusita. Shule changa isiyo na wanafunzi wa zamani wa aina hiyo itachoka bure, kwani itawarudia wazazi walewale waliokwisha kutozwa mengi. Hiyo ni afadhali iandike ombi fupi lenye bei na kulipeleka kwa klabu ya Rotary iliyo karibu, yaani klabu ya watu wanaojitolea kusaidia jamii, kwa kuwa klabu hizo huweza kuomba ruzuku za wilaya ya Rotary (kundi la klabu za eneo moja) kwa miradi midogo ya elimu.