Nimetumia DBS ya Basic (cheti cha serikali cha kuonyesha rekodi yako ya makosa) na kikokotoo cha serikali cha hukumu za zamani hapa Uingereza, haya ndo maoni yangu

Nyota nne kati ya tano. Naandika kwa ajili ya Wabongo, Wakenya, Wakongo na wengine wote mlioko England na Wales mnaokimbia fomu za kazi kwa sababu ya kesi ya zamani, maana kwenye magrupu ya WhatsApp nakutana na vitu vya kusikitisha, mtu anaambiwa "ukishaandikwa na polisi wa huku ndo basi tena" na yeye anaacha hata kuomba kazi ya ghala. Si kweli jamani. Kuna sheria ya mwaka 1974, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1975, inasema hukumu yako ikishamaliza muda wake unahesabika kama mtu ambaye hajawahi kushtakiwa wala kutiwa hatiani kwa kosa hilo. Na siku hizi kuna huduma mbili za serikali za kukusaidia kujua kama umefika huko au bado, moja ni bure na nyingine ni pauni 21.50.

Tuanze na ya bure. Iko kwenye tovuti ya gov.uk, ni ya Wizara ya Sheria, kazi yake ni kukupigia hesabu tu. Haitaki jina wala anwani wala barua pepe. Inakuuliza ulipewa onyo la polisi au ulihukumiwa, ulikuwa chini ya miaka 18 au ulishazidi, adhabu ilikuwa ya aina gani, ilianza lini, ya muda gani, halafu inakupa tarehe hukumu inapoisha. Niliifanya na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tumekaa mezani kwangu simu iko katikati yetu na makaratasi yake ya mahakama pembeni, na hata chai haijapoa tukawa tumemaliza.

Kesi yake ni ya kawaida sana kwa vijana wetu, Februari 2020 alihukumiwa kwa kuendesha gari amelewa, akapigwa faini, akafungiwa kuendesha, na leseni ikawekewa alama ya DR10. Sasa yeye alikuwa anajua faini inaisha baada ya mwaka mmoja, alisikia kwa mtu, na yule mtu hakudanganya kwa sababu faini ya mtu mzima kweli inaisha miezi 12 tangu siku ya hukumu. Lakini mahakama ikikuwekea alama kwenye leseni, ile alama nayo inahesabika kama adhabu na muda wake ni miaka 5, na ukiwa na adhabu kadhaa kwa kosa moja sheria inafuata ile inayochelewa kuisha. Kwa hiyo yake imeisha Februari 2025, sio 2021. Hapa ndo watu wengi wanaanguka, anaandika "sina" kwa nia njema kabisa kumbe bado anayo. Na kinachochanganya zaidi ni kwamba kwenye rekodi ya leseni DR10 inakaa miaka 11, mtu akiingia DVLA, yaani mamlaka ya leseni za udereva, anaiona bado ipo anadhani hukumu yake bado haijaisha, wakati kwenye sheria hii ya 1974 ilishamalizika kitambo.

Kitu kimoja cha kuzingatia, kikokotoo hakina uhusiano na mafaili ya polisi, hesabu yake inatokana na kile ulichokiandika. Ukisahau adhabu mojawapo unapewa tarehe ya uongo. Kama makaratasi yalishapotea unaweza kuomba nakala ya rekodi yako ya polisi kupitia ACRO, ile ofisi ya rekodi za polisi, ombi la kujua taarifa zako mwenyewe ni bure na wana mwezi mmoja wa kukujibu. Omba hiyo kwanza.

Na kama mara ya mwisho ulipiga hesabu miaka ya nyuma, rudia, kwa sababu tarehe 28 Oktoba 2023 muda ulipunguzwa sana. Zamani kifungo cha zaidi ya miaka 4 kilikuwa hakiishi kabisa, mtu anatoka jela akiwa na miaka 30 na anaendelea kukitaja mpaka anazeeka. Sasa hivi kifungo cha mwaka mmoja au chini kinaisha miezi 12 baada ya adhabu yote kumalizika, cha kati ya mwaka 1 na 4 kinaisha baada ya miaka 4, na cha zaidi ya miaka 4 kinaisha baada ya miaka 7, isipokuwa makosa mazito ya ukatili, ya ngono na ya ugaidi, hayo bado hayaishi. Nimesema baada ya adhabu yote kumalizika, yaani hata kile kipindi unachokuwa nje chini ya uangalizi kinahesabika ndani ya adhabu, usianze kuhesabu siku uliyopita geti. Kwa aliyekuwa chini ya miaka 18 muda ni nusu. Ukirudia kosa lingine kabla ya muda kuisha mara nyingi zote mbili zinaburuzana mpaka ile ndefu iishe.

Haya, tuje kwenye ya kulipia. DBS ya Basic mtu yeyote wa kuanzia miaka 16 anaweza kujiombea mwenyewe, huhitaji mwajiri wala ajensi. Unaweka pasipoti au leseni, namba ya bima ya taifa, na anwani zote ulizokaa miaka 5 iliyopita, hapo ndo panachosha kwa sisi tunaohama vyumba kila baada ya miezi sita, tafuta zile mikataba na barua za benki kabla hujaanza. Wanasema ni mpaka siku 14. Bei ilikuwa pauni 18, ikapanda Desemba 2024. Cheti kinaonyesha hukumu, na maonyo ya polisi yenye masharti, ambazo muda wake haujaisha na ndo hizo tu, zilizoisha hazitokei. Cha mdogo wangu kilikuja sehemu ya hukumu imeandikwa hakuna kilichorekodiwa, akakisoma, akakigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu, akakisoma tena.

Ushauri wangu mkubwa kwenye review hii nzima ndo huu, kama kazi unayoiombea inahitaji Basic, jiombee wewe kwanza kabla mwajiri hajaomba. Pauni 21.50 ni bei ya kwenda sinema na popcorn, na unajua mapema nini kitatokea mezani kwa bosi. Ukikuta kuna kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo unabishana nao wewe mwenyewe kimya kimya, hakuna mwajiri anayekusubiri.

Sasa nguvu ya sheria yenyewe. Kuna ajensi moja ya kazi za maghala, jina silitaji, fomu yao inauliza "umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote?" ndiyo au hapana, hawajaandika chochote kuhusu muda. Dada wa mapokezi akamwambia mdogo wangu ajaze ndiyo kwa usalama wake maana ukificha unafukuzwa. Hapana. Kifungu cha 4 cha sheria kinasema swali la namna hiyo linachukuliwa kuwa haligusi hukumu zilizoisha muda, unajibu hapana, na jibu lako sio uongo kisheria, na mwajiri hawezi kukuadhibu eti hukusema. Tena kinasema hukumu iliyoisha sio sababu halali ya kumfukuza mtu au kumnyima kazi. Hujaficha kitu, umejibu swali kama sheria inavyolisoma. Tulimwonyesha yule dada ukurasa wa gov.uk kwenye simu, akasoma, akamwita meneja, meneja naye akasoma, wakachukua fomu. Kazi akapata.

Sasa kwa nini nyota ya tano nimeibania.

Kwanza, meno. Sheria inasema huruhusiwi kumnyima mtu kazi kwa hukumu iliyoisha, sawa, ila haijaweka njia maalum ya kumshtaki aliyekunyima wala fidia yake. Ukiwa tayari umeajiriwa na ukafukuzwa unaweza kwenda mahakama ya kazi kwa kufukuzwa isivyo haki, lakini aliyekunyima kazi mlangoni anasema tu "tumepata mwenye uzoefu zaidi" na imeishia hapo.

Pili, Google. Cheti kimesafishika lakini gazeti la mtaa liliandika jina lako na umri na mtaa unaokaa, na habari ipo mtandaoni mpaka kesho. Mwaka 2018 wafanyabiashara wawili walienda Mahakama Kuu ya London kuidai Google iondoe viungo vya habari za hukumu zao zilizoisha, mahakama ikawaita NT1 na NT2 kuficha majina. NT2 akashinda, NT1 akashindwa, hakimu aliona NT1 hajaonyesha kujuta na bado yuko kwenye biashara. Kwa hiyo kuisha muda kunakusaidia kuomba viungo viondolewe ila sio tiketi ya moja kwa moja.

Tatu, na hili ndo linatugusa sisi zaidi ya wenyeji, nusu ya watu ninaowajua wako kwenye keya. Kazi za kulea wazee, wagonjwa na watoto ziko nje ya ulinzi huu tangu amri ya mwaka 1975, kule wanatumia DBS ya Enhanced, yaani ya ukaguzi wa kina zaidi, na hukumu iliyoisha inaweza kutokea. Ila sio zote. Tangu 2013 kuna mchujo, na baada ya Mahakama ya Juu kusema Januari 2019 kwamba baadhi ya kanuni zake zinavuka mipaka, wakaulegeza Novemba 2020. Sasa hivi hukumu ya mtu mzima haitokei kama imepita miaka 11, hukuhukumiwa kifungo hata kile kilichoahirishwa, na kosa halimo kwenye orodha ya makosa yasiyochujwa. Onyo la polisi ni miaka 6, na onyo ulilopewa ukiwa mtoto halitokei lenyewe kabisa. Ya mdogo wangu itachujwa 2031, kwa hiyo akiomba keya leo itatokea, na hapo ni bora aiseme mwenyewe mapema. Kutokea hakumaanishi kunyimwa, mameneja wengi wa keya kosa la gari la miaka mitano nyuma halijawasumbua hata kidogo, wana uhaba wa watu.

Nne, Home Office, wizara ya mambo ya ndani. Hapa naomba msome polepole. Ulinzi huu HAUFANYI KAZI kwenye viza, makazi ya kudumu wala uraia. Sheria ya mipaka ya 2007 ilirekebishwa mwaka 2012 kuondoa kabisa. Fomu ya uraia ikiuliza hukumu unaandika zote, iliyoisha na isiyoisha, ya huku na ya nyumbani. Kuna watu wamejaza "hapana" kwa kuwa cheti cha DBS ni cheupe, wakakataliwa kwa udanganyifu na wala sio kwa kosa lenyewe, ambalo pengine wangelisamehewa. Cheti cheupe usikipeleke huko kama ushahidi wa chochote.

Bima ya gari je? Ndani, inalindwa. Hukumu ikiisha hutakiwi kuitaja hata wakiuliza, na kwa DR10 hiyo ni pesa nyingi. Mdogo wangu alisubiri Februari ipite ndo akatafuta bei upya.

Na walioko Scotland na Northern Ireland msitumie tarehe zangu, kule sheria zina muda wake na vyeti vinatoka kwa Disclosure Scotland na AccessNI.