Naivasha kwa baiskeli na boti: kataa kubanwa siku moja

Nianze na la muhimu. Ukipata nafasi ya kwenda Naivasha likizo ya Agosti nenda, lakini zile pakeji za siku moja kutoka Nairobi zinazokuahidi baiskeli kwenye mbuga ya Hell's Gate, boti ziwani na kutembea kisiwa cha Crescent Island, yote kabla jua halijazama, achana nazo. Kuna kampuni moja ilitupigia hesabu ya hivyo, nikaiangalia ratiba nikaona mbugani tungekuwa saa tano, jua liko utosini na wanyama wameshajificha vivulini. Tukajipanga wenyewe na tukalala huko.

Sisi tunatoka Mombasa, nilikuwa na dada yangu na wanawe. Treni ya SGR mpaka Nairobi, tukalala kwa shemeji, asubuhi matatu mpaka Naivasha mjini, halafu pale stejini unapanda matatu za kwenda Kongoni zinazopita South Lake Road, unamwambia konda akushushe njia ya Elsa Gate, geti la Hell's Gate. Kutoka barabarani mpaka getini ni kama kilomita 2. Na watu wa Pwani wenzangu bebeni masweta jamani, Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Agosti asubuhi baridi inauma kwelikweli, halafu ukianza kukanyaga pedali utaona pumzi inakuwa fupi, usiogope, enda polepole mwili utazoea.

Sasa baiskeli. Hapa ndipo penye utamu wote na hapa ndipo penye kasoro. Hell's Gate ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 68 tu, ipo tangu 1984, na unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli au kwa miguu bila gari kwa sababu simba hawakai mle. Chui na duma wanatajwa lakini kuwaona ni bahati. Kwa hiyo unaendesha katikati ya zile kuta za mawe mekundu, kulia pundamilia, kushoto swala na kongoni, ngiri wanakata barabara mikia juu, na hakuna kioo wala injini kati yako na wao. Nimeshawahi kupanda gari la safari Tsavo na niliona wanyama wengi zaidi, lakini huku unawasikia wakitafuna nyasi! Twiga alituangalia akaendelea na majani yake. Mpwa wangu mdogo alinyamaza kabisa na yule mtoto hanyamazi hata msikitini.

Nyati ndio wa kuheshimiwa. Ukiwaona karibu na njia simama mbali, subiri wapite au ungana na kundi lingine la waendesha baiskeli, usijaribu kupita mbio. Na nyani pale wanapopumzika watu ni wezi, chakula usikiache nje hata kidogo.

Kasoro ni baiskeli zenyewe. Za kukodi ziko kule njia panda na karibu na geti, nyingi zimechoka. Yangu mnyororo ulikuwa unaruka kila nikipata mlima, na ya dada breki ya nyuma ilikuwa jina tu. Kabla hujalipa zungusha kidogo pale pale, jaribu gia zote, kaza breki, pandisha kiti, uliza pampu na helmeti. Za watoto ni chache kwa hiyo wahi. Wenye biashara hii wangezitunza vizuri hakuna kitu Kenya kingeishinda hii, inaniuma kwa sababu mahali penyewe pako kamili.

Mnara wa Fischer uko karibu na geti, jiwe la volkano limesimama wima kama mita 25, pimbi wamejaa chini yake na vijana wanapanda kwa kamba. Ukiendelea kilomita 7 hivi unafika sehemu ya korongo. Hapo naomba tusikilizane, mafuriko ya ghafla yaliua watu mle mwaka 2012 na tena 2019, na mvua inaweza kunyesha mbali huko juu wewe uko chini unaona jua tu. Uliza maaskari wa KWS, shirika la wanyamapori, wakisema hapaingiliki basi hapaingiliki. Upande wa Olkaria utaona mabomba na mvuke wa umeme wa jotoardhi, kituo cha kwanza kilianza 1981, wengine wanalalamika yanaharibu mandhari lakini watoto walikuwa na maswali mpaka nikaishiwa majibu.

Ziwa tuliliacha kesho yake asubuhi, na ndivyo ningemshauri yeyote, upepo wa mchana unaleta mawimbi. Maji yamepanda sana tangu 2020, migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, mnandi na mwari wamejazana juu yake. Jaketi za kuelea vaeni wote, za watoto ziwe saizi yao. Kepteni wetu alikuwa makini, dada alipoinuka kupiga picha ya viboko akamwambia, "Mama, kaa kwanza, nikiwazunguka utawapata vizuri," na kweli alikaa mbali nao. Nilimpenda kwa hilo. Wengine nimewaona wanasogea karibu mno ili kumfurahisha mteja, mkatazeni.

Crescent Island ni ukingo wa kreta ya zamani uliojitokeza juu ya maji, na unatembea kwa miguu kati ya twiga, kuro, nyumbu na pundamilia. Pazuri sana kwa wazee na watoto wasioweza baiskeli. Ila bei ya boti mara nyingi haina kiingilio cha kisiwa ndani yake, kile kinalipwa mbali, kwa hiyo uliza yote mawili kabla hujapanda, la sivyo utafika huko ukaanza kuhesabu sarafu.

Usiku kambini usitoke nje ya uzio wa kando ya ziwa, viboko wanapanda kula nyasi. Hell's Gate lipia kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, mapema ukiwa na mtandao mzuri, na kitambulisho ubebe, bila hicho bei ya mwananchi utaisahau.