Tahadhari: pistoni "za kufua" za Datsun 240Z ambazo si za kufua

Mnaofufua magari ya zamani, hasa wenye injini ya L24 ya Datsun 240Z, nisomeni kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayetangaza seti ya pistoni 6 "za kufua, aloi ya 2618, milimita 84". Pistoni ya kufua ni ile inayoundwa kwa kugandamiza kipande cha aloi ya alumini kwa nguvu kubwa, si kwa kumimina. Nimenunua, mzigo umefika, na si za kufua.

Kwanza aliniomba nilipe nje ya mtandao wa mauzo, moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu binafsi, ati anipunguzie. Nikakubali, na hapo ndipo nilipopoteza haki ya kurudishiwa. Kisha akawa ananihimiza kila siku nipeleke bloku ya injini, silinda zake zikachongwe kutoka kipenyo cha milimita 83 hadi 84 wakati mzigo uko njiani, nisipoteze muda. Fundi wangu wa mashine alikataa katakata: hachongi silinda mpaka ashike pistoni na kuipima mwenyewe. Nilimwona mgumu. Leo namshukuru, maana chuma kikishaliwa hakirudi.

Tulifungua boksi mezani kwake. Tukachomoa kwanza pini inayopita katikati ya pistoni, kwa kuwa ni chuma na ingetudanganya, tukapitisha sumaku ndani ya sketi, yaani ukuta wa chini wa pistoni. Ikanasa. Pistoni ya kufua ni alumini tupu. Vipande vya chuma hupachikwa kwenye baadhi ya pistoni za kusubu, yaani zinazomiminwa kwenye kalibu, ili zisitanuke sana zikipata moto. Ila jihadharini: sumaku isiponasa haithibitishi kitu, kwa sababu nyingi za kusubu hazina vipande hivyo. Igeuzeni muitazame tumboni. Zangu zina ngozi ya chengachenga kama mchanga, na palipokuwa na herufi zilizoinuka pamesagwa kwa grainda, mikwaruzo bado inang'aa. Kwenye mizani, nyepesi na nzito zimepishana gramu 11. Seti nzuri ya injini ya kasi hupishana gramu 1 au 2 tu.

Kuna atakayesema, si uzifunge tu? Hapana. Aloi ya 2618 ina silikoni kidogo mno, hivyo hutanuka sana, na fundi huiachia nafasi kubwa kati ya sketi na ukuta wa silinda. Za kusubu huhitaji kama nusu ya nafasi hiyo. Ukichonga kwa kipimo cha kufua halafu ukatia ya kusubu, itapigapiga ukutani kila inapopanda na kushuka. Ukiongeza mgandamizo na mizunguko ya juu, injini ikianza kugonga, yaani mafuta yakilipuka yenyewe ovyo ndani ya silinda, kingo zilizo kati ya mifereji ya ringi hupasuka na vipande vyake huikwangua silinda.

Tena zangu ni fupi. Kutoka katikati ya pini hadi juu ya kichwa zimepungua milimita 1 kuliko alivyoniandikia. Milimita 1 inaonekana ndogo, lakini kwenye silinda ya 84 huongeza nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni kwa sentimita za ujazo 5.5. Injini niliyoipangia mgandamizo wa 10:1 ingeshuka hadi 9:1, na nguvu yote niliyoihangaikia ingepotelea hapo.

Nilipomtumia picha za sumaku na mizani alinizuia nisimwandikie tena. Nimemripoti kwa wenye mtandao, na mzigo nimeuhifadhi kama ulivyofika. Ukurasa wake ulitoweka, lakini tangazo limerudi kwa jina jingine na picha ile ile: pistoni 6 juu ya kitambaa cha bluu, ya tatu kutoka kushoto ina mkwaruzo wa mshazari kichwani. Mkiiona, msilipe.