Mshipi wa kuvulia wenye kiini cha madini ya risasi, ratili 18, yadi 100: unawafaa wenye boti ndogo?

Mwezi Mei, barafu ikishayeyuka kwenye bwawa la Strawberry, jimbo la Utah nchini Marekani, trauti wanazurura karibu na uso wa maji na chambo kinachoburutwa na boti mita moja chini kinatosha kabisa. Ikifika Julai, maji ya juu yameshapata joto na samaki wameshuka. Chambo kile kile sasa kinapita juu ya vichwa vyao. Mwenye boti ya alumini ya mita nne anabaki na njia chache: winchi ya kushushia tufe zito, kibao cha kuzamisha mshipi, au mshipi wenyewe uwe mzito. Tunaupima hapa huo wa tatu, kwa sababu ndio ambao wengi hununua kisha wakautupa stoo baada ya msimu mmoja, na mara nyingi kosa si la mshipi.

Ukiukata utaona uzi laini wa risasi katikati na ganda la nyuzi zilizosukwa kuuzunguka. Risasi haina nguvu yoyote ya kuvuta. Zile ratili 18 zilizoandikwa kwenye boksi ni za ganda peke yake. Kila yadi 10, yaani mita 9 na kidogo, ganda hubadilika rangi, hivyo yadi 100 ni rangi kumi. Wavuvi wa huko hawasemi mita, wanasema rangi: "wamekula kwenye rangi tano." Hapo ndipo pesa yako ilipo. Samaki akishika, angalia rangi iliyopo kwenye ncha ya fimbo, kisha urudishe chambo pale pale. Rili yenye kihesabio haihitajiki.

Hesabu ya kina ni rahisi, ila ni ya kukadiria. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, kila rangi hushuka takriban mita moja na nusu. Rangi tano ni mita saba na ushee, halafu ongeza kile ambacho chambo chenyewe kinapiga mbizi. Punguza mwendo, mshipi unazama zaidi; ongeza, unapanda. Mishipi ya kisasa yenye ganda jembamba, kama Sufix 832, huzama zaidi kwa kila rangi kuliko ile ya zamani yenye ganda la nailoni, kwa hiyo usichanganye aina mbili kwenye boti moja ukategemea zikae kina kimoja.

Sasa ushauri ambao muuza duka hatakupa: usifunge rangi zote kumi. Kwenye mabwawa mengi ya trauti, rangi tano hadi sita ndiyo kazi yote. Kata yadi 100 katikati, upate rili mbili za rangi tano kwa bei ya boksi moja, ambalo kwa kawaida ni kati ya dola 20 na 40. Rangi kumi zinadai rili kubwa ya baharini, na samaki wa sentimita 35 mkono wako hautamsikia kabisa huko nyuma. Ukishakata, andika mfuatano wa rangi za kila kipande ubandike kwenye fimbo, maana kipande cha pili hakianzi na rangi ya kwanza.

Rili iwe ya ngoma ya kulala, yenye kile kijicho kinachotembea kupanga mshipi. Rili ya kurushia, ile ya mkono unaozunguka mbele, iache nyumbani: inausokota mshipi, na risasi ikisokoteka inakatika ndani. Anza na mita 100 za nailoni ya ratili 20 chini kabisa ya ngoma, ndipo ufunge rangi zako. Fimbo laini ya futi saba au nane inafaa kuliko ngumu. Mshipi huu haunyumbuki, na kokani, yule samoni mdogo wa maziwani, ana mdomo mwororo unaochanika kwa mvuto mmoja wa pupa.

Fundo ndilo linalowashinda watu. Ukifunga juu ya risasi, utapata donge litakalokwama kwenye kijicho cha rili, na risasi italikata ganda kutoka ndani. Fanya hivi: rudisha ganda nyuma kwa vidole mpaka risasi ijitokeze kama sentimita 15, ivunje, itoe, kisha livute ganda lirudi mbele likiwa tupu. Chonga ncha ya nailoni kwa mshazari, ipenyeze ndani ya ganda tupu mpaka iguse risasi. Piga fundo moja la kawaida kwenye sehemu ile ambayo ganda limeivaa nailoni, lilowanishe kwa mate, kaza taratibu. Fundo linatoka dogo kama punje ya mtama na linapita kwenye pete zote bila kugonga. Tone la gundi si lazima. Vile vipande vya risasi ulivyovunja viweke mfukoni, visidondoke majini, na unawe mikono kabla ya kula.

Mbele ya risasi weka mita 6 hadi 9 za florokaboni (uzi mgumu kuonekana majini) ya ratili 8 au 10. Urefu huo unamficha samaki lile ganda la rangi, na udhaifu wake ni bima: chambo kikinasa kisiki, kinakatika kipande cha dola moja badala ya rangi tatu.

Kushusha kuna adabu yake. Boti iwe inatembea kwanza, kidole gumba kiwe juu ya ngoma, mshipi utoke kwa mwendo ule ule wa boti. Ukiuachia huru, ngoma inazidi kasi na unapata msokotano kama kiota, ambao haufunguki bila kuvunja risasi. Boti ikisimama, kwa mfano mwenzako anapopigana na samaki, mshipi wote unakwenda kulala chini. Ndiyo sababu Rapala inayoelea, kile chambo bandia chenye umbo la samaki, ile ya sentimita 7, ni rafiki mkubwa wa mshipi huu: mwendo ukipungua yenyewe inajaribu kupanda. Waliozoea kuburura kwa ajili ya sangara kule Ziwa Victoria wataitambua mara moja, ila hapa wachukue saizi ndogo.

Endesha kwa kupinda-pinda kama herufi S. Kwenye kona, mshipi wa ndani unapunguza mwendo na kuzama, wa nje unaongeza mwendo na kupanda. Samaki wakigonga mara mbili mfululizo kwenye wa ndani, ongeza rangi nusu au punguza gesi. Usingoje mara ya tatu. Upepo ukikusukuma kutoka nyuma, ndoo iliyofungwa kamba ubavuni inarudisha mwendo chini.

Kasoro kubwa ni kwamba mkono hauambiwi kitu. Uzito wa mshipi unameza habari, na jani moja la majani-maji kwenye ndoana halionekani kwenye ncha ya fimbo. Vuta ukague kila dakika 15 au 20. Kasoro ya pili ni kina: samaki wakiwa kwenye kina cha zaidi ya mita 12, winchi ya tufe inaushinda mshipi huu bila ubishi, kwa sababu inakiweka chambo pale pale unapotaka.

Strawberry kuna jambo moja zaidi. Trauti wa koo jekundu mwenye inchi 15 hadi 22 (sentimita 38 hadi 56) lazima arudishwe majini papo hapo, kwani hao wakubwa ndio wanaowala chub, samaki waliolijaza bwawa hili hadi likatiwa dawa ya rotenoni mwaka 1990 kuwamaliza. Ondoa ndoana ya meno matatu, weka ya jino moja isiyo na ncha ya kurudi nyuma, na umfungue samaki akiwa bado ndani ya maji.

Mwisho wa msimu pitisha mshipi wote kati ya vidole. Penye ulaini ghafla, risasi imekatika. Kata hapo uunge upya kwa fundo lile lile, la sivyo mwakani utahesabu rangi tano na kuvua kina cha nne.