Hilux bila sailensa: uzoefu wangu wa msimu mmoja wa korosho

Pikapu ninayoizungumzia ni Toyota Hilux ya milango minne yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ya sentimita za ujazo 2,779 na isiyo na turbo, yaani feni ya kuisukumia injini hewa. Huitumia kusomba korosho kutoka mashamba ya Nanyamba na Tandahimba hadi kwenye maghala, na nje ya msimu hubeba saruji na mabati hapa Mtwara mjini. Sailensa yake, kile kifaa cha kupunguza kelele kwenye bomba la moshi, ililiwa na kutu, jambo la kawaida kwa gari linalolala karibu na bahari, na kwa kuwa msimu ulikuwa umeshafunguliwa na nyingine ilibidi isubiriwe kutoka Dar es Salaam, nilimwambia fundi aikate na kuunganisha bomba tupu mahali pake. Nilitaka pia kuyapima maneno ambayo kila dereva wa huku ameyasikia gereji, kwamba gari likitolewa sailensa hupumua vizuri, hupata nguvu na hula mafuta kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: fundi alikata mbele na nyuma ya sailensa, akatafuta bomba lenye kipenyo kilekile, akachomelea. Alipendekeza bomba liishie chini ya bodi, mbele ya ekseli ya nyuma, ili kuokoa chuma na muda, nami nikakataa kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Nguvu ndiyo niliyoitafuta kwanza, na sikuiona. Mahali pazuri pa kuipimia ni mlima wa kuingia Newala ukitokea Masasi, gari likiwa limejaa magunia. Pale palipokuwa pakidai gia ya pili kabla ya sailensa kukatwa, paliendelea kuidai baadaye, wala sindano ya mwendo haikupanda zaidi ya nilivyoizoea. Sababu yake inaeleweka. Injini isiyo na turbo hunyonya hewa yenyewe, na nguvu yake hupimwa na hewa inayofika kwenye silinda pamoja na dizeli ambayo pampu inaitoa. Sailensa nzima isiyoziba huuzuia moshi kwa kiasi kidogo tu, hivyo ukiiondoa huwa umeondoa kizuizi ambacho injini ilikuwa haikisikii sana. Ikiwa sailensa yako imeziba kwa masizi au vyuma vya ndani vimekatika na kulala njiani, tofauti utaiona kweli, ila ungeiona vilevile kwa kufunga sailensa nyingine iliyo nzima.

Kilichoongezeka ni hisia ya nguvu, na hii nadhani ndiyo inayowadanganya wengi. Ukikanyaga mafuta, mngurumo unakuja mara moja na kifua kinatetemeka, basi mtu anaamini gari limeruka hata kama limekwenda vilevile. Katika mafuta nilikuta kitu cha ajabu zaidi: safari za Lindi, ambazo ni zaidi ya kilometa 100 kwa upande mmoja, zilitumia dizeli pungufu kidogo. Ningeweza kuishia hapo na kuisifia kazi ya fundi, lakini nilipoangalia muda wa safari niliona kwamba nilikuwa nikichelewa kufika, kwa sababu kelele ilinifanya niinue mguu bila kukusudia. Aliyepunguza mafuta ni dereva aliyechoka masikio.

Sailensa hufanya kazi kwa vyumba na mabomba yenye matundu, ambamo mawimbi ya sauti hugonga kuta, hurudi na kukutana na mawimbi mengine yakapunguzana, na nyingine huwekwa nyuzi za kioo zinazomeza sauti. Ukiondoa vyumba hivyo, kila mlipuko wa silinda hutoka jinsi ulivyo. Injini ya silinda 4 yenye mipigo 4 huwaka mara 2 katika kila mzunguko, kwa hiyo ikizunguka mara 2,400 kwa dakika hutoa mapigo 80 kwa sekunde, na mapigo hayo mazito ndiyo yanayoitikiwa na mabati ya kabini. Kwangu mvumo huo ulikuwa mkali zaidi gia ya tano, kwenye mwendo uleule ambao lami ya kwenda Mingoyo inakushawishi uukae. Ukipunguza au ukiongeza mwendo unafifia, lakini nani ataendesha saa nzima akikwepa mwendo mmoja? Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na wengi wao hupunguza muda huo kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 3. Sikuwa na kipimo. Nilichojua ni kwamba jioni nilikuwa naongeza sauti ya redio nyumbani na watoto wakilalamika.

Hasara iliyonisumbua zaidi kuliko masikio ni kwamba niliacha kulisikia gari. Dereva wa dizeli ya zamani huendesha kwa sauti: anajua feni beti inalegea, bearing ya gurudumu inaanza kulia, noseli moja ya kunyunyizia dizeli inagonga, kabla taa yoyote haijawaka, maana taa zenyewe ni chache. Kwa msimu mzima habari hizo zote zilifunikwa. Beti ya jenereta ilikatika njiani Nanyamba bila hata mlio mmoja niliousikia, na honi za bodaboda waliotaka kunipita nilikuwa nazipata wakiwa tayari ubavuni.

Suala la moshi ndilo lililonifanya nikatae bomba fupi. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake huzunguka na kuvutwa kuelekea bodi, hivyo bomba likiishia katikati, moshi hukusanyika chini na kupenya kwenye matundu ya sakafu na mipira ya milango iliyochoka, au huwapata vibarua waliokaa juu ya magunia. Kwa gari la petroli hatari kubwa ni kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Dizeli huitoa kwa uchache zaidi, lakini moshi wake uliorodheshwa mwaka 2012 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Bomba fupi pia hupuliza joto kwenye majani makavu ukiegesha chini ya mikorosho, na huko hakuna anayetaka kuelezwa moto ulianzaje.

Maneno mengine ya gereji, kwamba ukitoa sailensa valvu za injini zitaungua, sikuyaona kuwa na uzito kwa gari langu. Bomba lililobaki lilikuwa refu, manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) na gasketi yake havikuguswa, na injini haihitaji kubanwa moshi ili iwe salama.

Majirani walivumilia kwa adabu zao. Kupita Mikindani alfajiri, penye nyumba za mawe zilizosogeleana, ni kuamsha mtaa mzima, na karibu na Hospitali ya Ligula nilikuwa nikizunguka njia nyingine usiku. Askari wa usalama barabarani alinisimamisha, akasikiliza, akanipa onyo na muda wa kurekebisha. Alikuwa na haki, kwa kuwa zipo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, mbali na sheria ya barabarani yenyewe.

Sailensa niliyofunga baada ya msimu ni iliyotumika, nzima, ya gari la aina hiyohiyo, na mlima wa Newala bado unadai gia ya pili palepale. Atakayelazimika kukaa na bomba tupu kwa muda, alipitishe juu ya ekseli hadi nyuma ya bodi, atumie kipenyo kilekile, abadilishe raba za kuning'inizia kwa sababu bomba lisilo na sailensa hutikisika zaidi na hupasuka kwenye maungio, na abaki akikagua maungio hayo kwa mkono, injini ikiwa imepoa, maana kwa sikio hataweza kujua yanavuja.