Grand Canyon kwa siku moja: Bright Angel au South Kaibab?

Kila anayekwenda ukingo wa kusini wa Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani, huuliza swali hili: ashuke kwa njia ipi ya miguu kati ya hizi mbili? Tuanze na maji, maana jangwani ndiyo yanayoamua. South Kaibab haina hata tone njiani, na kivuli ni cha kubahatisha. Unabeba yote mgongoni. Bright Angel ina vituo vya maji, ingawa si vyote vinavyofunguliwa mwaka mzima na mabomba hukatika, kwa hiyo ulizia asubuhi ileile.

Kwa mandhari, South Kaibab inashinda. Inapita juu ya mgongo wa mlima, bonde limefunguka pande zote. Kwenda Skeleton Point, sehemu ya kutazamia mandhari, na kurudi ni kama kilomita 9.7. Bright Angel hadi Havasupai Gardens ni kilomita 14.5 kwenda na kurudi, mteremko wa mita 900 hivi, na huko chini unakuta miti na kijito.

Kihistoria, Bright Angel ni njia ya kale ya Wahavasupai, wenyeji wa asili wa huko. Baadaye mfanyabiashara Ralph Cameron aliidhibiti na kutoza ushuru. Ndiyo sababu serikali ikachonga South Kaibab, 1924 hadi 1925.

Usafiri: kufika mwanzo wa South Kaibab ni kwa basi la hifadhi, magari binafsi hayaruhusiwi.

Una watoto, au ni kiangazi? Bright Angel. Una miguu imara, maji ya kutosha na umeamka alfajiri? South Kaibab. Ila kufika Mto Colorado, chini kabisa, na kurudi siku hiyohiyo, usijaribu kwa njia yoyote.