Kaunta buku kwaya 3 kama shajara: nimeitumia mwaka na nusu

Nianze na aibu yangu, maana bila aibu hiyo nisingeinunua hii bidhaa ninayokuja kuisifia.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Morogoro, kibanda changu kiko jirani na stendi ya Msamvu. Wakala bila kaunta buku hajakamilika: tarehe, jina, namba, kiasi, katoa au kaweka, mteja anatia sahihi, anayefuata. Mchana abiria wakipungua, mkono unabaki na kalamu na hauna cha kufanya. Siku moja nikaligeuza daftari la kazi kichwa chini miguu juu, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaanza kuandika mambo yangu. Mbele miamala, nyuma maisha. Nikajiona mjanja kweli, nani atafungua nyuma?

Alifungua mzee mmoja, mteja wangu wa kila mwisho wa mwezi. Nilimsukumia daftari asaini huku nahesabu noti, kumbe nimelisukuma kinyume. Kuinua macho, mzee kavaa miwani, anasoma, midomo inamcheza. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa mama mkwe na kitenge nilichompelekea akakirudisha. Mzee akafunika daftari taratibu, akasema, "Mwanangu, mvumilie tu. Wazee ndivyo tulivyo." Akachukua laki na themanini yake, akaenda zake. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Jumamosi iliyofuata, 2 Machi 2024, nikaenda steshenari nikanunua kaunta buku ya pili, ya kwangu peke yangu. Kwaya 3, saizi ya A4, jalada gumu, mgongo wa kitambaa chekundu. Nililipa 6,000. Buku sita kwa kaunta buku moja, haidhuru.

Kwa wasiojua, hiyo kwaya si ya kanisani. Ni kipimo cha unene wa daftari: kwaya 1 ina kurasa 96, kwaya 2 zina 192, kwaya 3 zina 288, kwaya 4 zina 384. Kwaya 4 niliishika dukani nikairudisha, ile ni tofali, ukiandikia kitandani inakulalia kifuani. Kwaya 1 nayo inaisha kabla hujazoea. Kwaya 3 ndiyo saizi ya mtu anayeanza na hana uhakika kama ataendelea.

Kabla ya kulipa fanya hivi. Fungua daftari katikati, tafuta pale karatasi zilipokunjwa, utazame kama kuna uzi. Kaunta buku nzuri inashonwa: karatasi zinakunjwa mafungu mafungu, kila fungu linapigwa uzi, halafu ndiyo gundi na kitambaa vinafuata. Ukiona uzi mweupe katikati ya kila fungu, lipa. Ukiona gundi tupu, weka chini, maana joto la kibandani likiipata ile gundi utakuwa unaokota Aprili chini ya meza. Na uhesabu kurasa. Najua watu hawahesabu, lakini mimi kazi yangu ni kuhesabu. Hii yangu nilihesabu karatasi 144, ambazo ni kurasa 288 kamili. Ya bei poa niliyomnunulia binti yangu mwezi uliofuata, jalada limeandikwa hivyohivyo kwaya 3, ndani karatasi 132. Hayo makaratasi 12 yalikwenda wapi, mwenye kiwanda anajua.

Karatasi yenyewe ni ya kawaida, si nzito. Ukikandamiza kalamu, maandishi yanatokeza upande wa pili kama vipele. Kalamu ya jeli usijaribu. Niliipenda kwa sababu inateleza, nikaandika nayo wiki nzima ya masika, halafu bati langu likavuja usiku mmoja. Asubuhi ile wiki yote ilikuwa wingu la bluu. Kurasa za jirani nilizoandika kwa Bic ya kawaida zililowa vilevile, zikakauka, zikakunjamana, na zinasomeka mpaka leo. Wino wa Bic ni wa mafuta, maji hayaufanyi kitu.

Sasa ubora wake hasa, na hapa nitakaa kidogo. Kaunta buku haina tarehe.

Kila Januari hugawiwa dayari za kampuni na mabenki, zile za jalada la ngozi bandia, zenye utepe wa kuwekea alama. Nimewahi kupewa 3, na zote niliacha kuandika kabla ya mwezi wa pili kwisha. Kila ukurasa umechapwa siku yake. Ukiruka Jumanne, Jumanne inabaki nyeupe inakukodolea macho. Ukiruka wiki, unaona afadhali uigeuze ya mapishi au umpe mtoto achoree. Na nafasi ni ileile kwa siku zote: siku uliyoshinda unauza vocha ina mistari sawa na siku mama alipolazwa. Kwenye kaunta buku tarehe unaandika mwenyewe. Mimi nimeruka siku 19 mfululizo mwaka jana, na ukiangalia ukurasa wangu wa 140 utaona tarehe moja, mstari mmoja mtupu, halafu tarehe nyingine. Hakuna anayenidai. Usiku ule wa mama niliandika kurasa 6 nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi, umeme umekatika, tochi ya simu nimeibana kwa kidevu. Herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Sihitaji kusoma maneno nijue ilikuwaje.

Tena sura yake. Ina sura ya mahesabu. Ukiiacha mezani hakuna anayeifungua, anadhani ni madeni ya duka. Mume wangu ameisogeza mara ngapi sijui akitafuta rimoti.

Simu na kompyuta nimejaribu, msije mkasema mimi mshamba. Kwenye simu nilipakua programu moja ya shajara, ina kufuli ya kidole, ina vikaragosi vya kuonyesha umefurahi au umenuna. Kero ya kwanza: kibodi ya simu ilikuwa inajua Kiingereza tu, kila nikiandika "sana" inanipelekea "Santa". Nimeandika "namkumbuka Santa" mara mbili bila kujua. Kero ya pili ni saa. Inapiga muhuri 21:14, na mimi katika maisha yangu sijawahi kuwa na huzuni saa ishirini na moja. Nilikuwa na huzuni saa tatu usiku. Haya ni madogo. Kubwa ni kwamba simu ilipokufa nikabadilisha, programu nikaipakua upya, ikafunguka tupu. Siku 41 zimekwenda. Kumbe nakala ilitakiwa niiwashe mwenyewe kwenye mipangilio, na nilikuwa sijaiwasha.

Kompyuta ni afadhali kuliko simu. Mpwa wangu ana laptopu, akanifungulia faili la maandishi matupu, lisilo na mbwembwe, akanifundisha kuliita kwa mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku: 2024-06-14. Ukiandika hivyo mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano. Ukianza na siku, tarehe mosi za miezi yote zinarundikana pamoja. Nikimaliza ananitumia nakala kwenye barua pepe. Nakubali kitu kimoja kompyuta inaishinda karatasi vibaya sana, nacho ni kutafuta. Nilitaka kujua ni lini nilimkopesha floti, yaani salio la kufanyia miamala, wakala mwenzangu wa upande wa pili wa barabara. Kwenye kompyuta unaandika neno "floti", linakuja. Kwenye kaunta buku nilitumia jioni nzima, nikaishia kusoma mambo ya mtoto kung'oa jino, na deni sikulipata.

Kwa hiyo nimeanza kutenga kurasa 2 za mwisho kuwa orodha: jambo, namba ya ukurasa. Kurasa zenyewe hazina namba, niliziandika kwa mkono juu kwenye kona, 10 kila usiku mpaka zikaisha. Inachosha. Wenye viwanda wangechapa hizo namba ningeongeza hata 500.

Lakini laptopu ni ya mpwa wangu, na mpwa wangu anasoma. Sikusema amesoma yangu. Nimesema anajua kusoma.

Ukitaka kuanza na hujui uandike nini, usianze na "maisha yangu". Utaandika kama risala ya mgeni rasmi. Mimi huanza na kitu kilichokuwa mbele ya macho. Tarehe 14 Juni 2024, Ijumaa, siku treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na hapa, mji mzima ulikuwa hauna habari nyingine. Ukurasa wangu una mistari miwili: "Treni ya umeme imeanza. Mpiga debe wa hapa mbele kanuna, kanywa chai bila sukari makusudi." Habari ya treni magazeti yote yanayo. Ya chai ile ninayo mimi tu. Ukurasa wa 87 una doa la mafuta ya andazi, ukiuinua juu ya taa mwanga unapita, na pembeni nimeandika bei ya andazi ya siku hiyo. Watu nawaandika kwa herufi: M.M. mnamjua tayari.

Kasoro zake, mbali na kutafuta: pembe za jalada zinachakaa mapema, yangu zimefumuka kama kandambili za zamani, nimezivika gundi ya karatasi. Haiingii kwenye mkoba wa kawaida. Na mende wanapenda ile gundi ya mgongoni, kwa hiyo usiiweke kabatini jikoni kama nilivyofanya mimi nikidhani naficha.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya namba za kurasa.

Zimebaki kurasa 31. Juzi nimekwenda kununua nyingine, bei imekuwa 7,000. Kijana wa dukani akaniuliza, "Dada, hii ni ya miamala au ya mwanafunzi?" Nikamwambia ya miamala. Akanipa risiti, nikafungua katikati palepale kaunta, nikatafuta uzi.